Jina la Kwenye Jalada

Hagsätra, Stockholm
14 Septemba 1969

Dada Dafrosa waitu,

Shikamoo. Usitishwe na unene wa bahasha hii, si hati za mahakama. Ni karatasi ishirini na tatu za mwandiko wangu, na nakuomba unipigie taipu.

Acha nieleze. Unajua kwamba vifaru vilipoingia Chekoslovakia mwaka jana niliiacha Brno na masomo yangu ya usafirishaji yakiwa nusu, nikaja hapa Stockholm kwa Wanjohi, yule Mkenya niliyesoma naye. Tunaishi chumba kimoja, mwisho kabisa wa reli ya chini ya ardhi. Wacheki nao wamekuja, tena wengi: madaktari, wahandisi, walimu. Kila mmoja anataka leseni ya udereva, maana bila leseni kazi nyingi nzuri zinakupita hivihivi. Shule ya udereva ninayofanyia kazi iko Sundbyberg. Mwenyewe, Bwana Hedlund, huwafundisha wageni kwa Kiingereza. Wacheki Kiingereza hawakijui, Kiswidi ndiyo kabisa, na Hedlund hajui hata salamu ya Kicheki. Walikuwa wanakaa darasani wanatazamana tu.

Basi nani kasimama katikati yao? Mimi, mtoto wa Ta Boniface katekista wa Kanyigo! Nimekusanya maneno yote ya barabarani, Kiingereza upande mmoja, Kicheki upande wa pili. Njia panda, haki ya kupita kwanza, njia ya mchepuko, kuteleza kwenye barafu, yote yamo. Nimeuliza, nimesoma, nimesimama kwenye makutano ya barabara mpaka masikio yakafa ganzi kwa baridi. Sasa Wazungu wananiita mwalimu. Wananifungulia daftari, Dada, wanasubiri niseme ndipo waandike. Siku ya kwanza nilitoka pale nikatembea vituo viwili kwa miguu kwa furaha.

Taipu za hapa zipo, lakini hakuna mkono ninaouamini kama wako. Wewe ukipiga karatasi, hata mkuu wa mkoa anaisoma amekaa wima. Usijali kwamba hujui Kicheki. Fuata herufi zangu tu.

Wasalimie wote. Mwambie Baba mwanawe anafundisha.

Mdogo wako,
Method Rugemalira


Chama cha Ushirika, Bukoba
9 Oktoba 1969

Mdogo wangu Method,

Marahaba. Karatasi zimefika na kazi imekwisha. Nimepiga wakati wa chakula cha mchana, siku kumi na moja, na karani mwenzangu Agripina akiniuliza kila mara kama natunga sala za kizungu. Zile alama ndogo unazoweka juu ya herufi, mashine ya Chama haina. Nimezitia kwa kalamu, moja moja, mia nne na kumi na mbili. Nimezihesabu ili nawe ujue kwamba zina mwenyewe.

Sasa niambie, hao rafiki zako wana ugomvi gani na irabu? Breki wanaiita *brzda*. Nimejaribu kuitamka mbele ya kioo, nikajitemea mate. Mtu akimaliza kusema hilo neno si gari limeshaingia mtaroni?

Lakini nimejifunza mengi. Nilipofika kwenye klachi nilitoka nje kumuuliza Mzee Sowedi, dereva wa Land Rover ya Chama, klachi ni kitu gani. Alicheka, akafungua mlango akanionyesha. Kila siku nina swali, naye kila siku ananisubiri na jibu.

Baba nimemsomea barua yako. Unamjua Baba. Jumapili alisimama baada ya misa akawatangazia watu kwamba mwanawe anawafundisha Wazungu wa Ulaya kuendesha magari yao wenyewe. Padri alipiga makofi. Tangu siku hiyo anatembea katikati ya barabara, anasema hakuna dereva wa kumgonga yeye. Anataka picha yako ukiwa kwenye usukani, aitundike ukutani. Itume upesi.

Je, gari lako ni la rangi gani?

Dada yako,
Dafrosa Kokushubira

Nyongeza: Nimempa mtu anayekwenda Dar es Salaam furushi la kahawa ya kutafuna, akutumie. Mgawie Wanjohi.


Hagsätra
16 Novemba 1969

Dada waitu,

Shikamoo. Kazi yako imewashinda wote! Bwana Hedlund aliziinua karatasi juu kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza ni ofisi gani ya Stockholm iliyopiga. Nilipomwambia Bukoba, Tanzania, alikaa. Akauliza na hizi alama je. Nikasema ni mkono wa dada yangu. Alizipitishia kidole kama mtu anayepima kitambaa.

Bi Vlasta, daktari wa meno, mama wa makamo aliyekuwa analia darasani, amefaulu mara ya kwanza. Mhandisi Bohumil naye amefaulu. Wiki hii pekee wamefaulu wanne, wote kwa karatasi zako. Bi Vlasta alinikumbatia pale uani mbele ya watu, akaniletea keki.

Na sasa kaa chini. Hedlund anataka kukichapa kiwe kitabu, cha kuuzwa katika shule nyingine pia. Kitabu kamili chenye jalada! Kitaingia kwa mpiga chapa mwezi wa Machi. Jina la mwandishi litakaa juu, kwa herufi kubwa. Hebu fikiri, Dada: jina la Rugemalira juu ya kitabu cha maneno ya Kiingereza na Kicheki, katika nchi ya Waswidi. Silali vizuri kwa kulifikiria. Kuna jambo dogo tu la karatasi la kumaliza kabla ya hapo, la kawaida.

Picha nitatuma. Siku hizi jua halitoki, kamera haioni kitu. Rangi ya gari ni kijani.

Mdogo wako,
Method


Hagsätra
11 Januari 1970

Kwa Dada Dafrosa,

Mimi ni Wanjohi, naishi na ndugu yako. Hatujaonana lakini kahawa yako imenifanya nione tumeshajuana. Method hakuwa nyumbani ilipofika, nami kwa haraka yangu nikaichemsha sufuriani na maganda yake kama chai. Kumbe ni ya kutafuna! Method alinicheka hadi akalala chini. Nimefurahi, kwa sababu alikuwa hajacheka tangu Krismasi.

Ndiyo sababu naandika. Najua anakusikiliza wewe. Tafadhali mtie moyo huu mtihani wa nne. Kufeli mara tatu si aibu. Mimi naamini ana maarifa yote ya barabara, ni viungo vyake tu havisikii. Mara ya kwanza alipotaka kubadilisha gia alinyoosha mkono wa kushoto kama huko kwetu, na hapa mkono huo uko mlangoni, basi akaufungua mlango katikati ya njia panda. Mara ya pili alipinda kushoto akaingia upande wa kushoto wa barabara, akakutana uso kwa uso na lori la maziwa. Hata Waswidi wenyewe bado wanajisahau, kwa sababu wamehamia mkono wa kulia miaka miwili tu iliyopita, lakini wao wanasamehewa. Ya tatu hataki kuisimulia.

Kinachomuumiza ni kile kitabu. Mwenye shule amesema wazi kwamba jina la kwenye jalada lazima liwe la mtu mwenye leseni, la sivyo watu watakicheka. Method akishindwa kufikia Machi, litawekwa la Mhandisi Bohumil. Method anaosha yale magari kila asubuhi, anafundisha darasani jioni, na kuyaendesha hawezi. Mimi kwa upande wangu naona huo ni ushujaa.

Asante tena kwa kahawa.

Wanjohi


Bukoba
1 Februari 1970

Method,

Gari lako la kijani ni la Bwana Hedlund, nawe unaliosha.

Nimepata barua ya Wanjohi. Usimgombeze, yeye alidhani najua. Alidhani hivyo kwa kuwa kwao huenda ndugu wanaambiana mambo.

Nimekasirika, na nitakwambia kwa nini, maana nisipokwambia leo sitakwambia tena. Si kwa sababu umefeli. Si kwa sababu unaosha magari. Baba aliosha miguu ya punda wa misheni, na tulikula. Nimekasirika kwa sababu Baba anatembea katikati ya barabara kwa ajili ya uongo, na mimi ndiye niliyemsomea.

Tena kuna jambo jingine ambalo sijawahi kulisema. Unakumbuka mtihani wa darasa la nne. Tulikaa darasa moja, mimi na ukubwa wangu, kwa sababu nilichelewa kuanza nikimlea mdogo wetu Getrude. Nilikuwa wa kwanza, wewe wa sita. Nafasi ya kuendelea ilikuwa moja kwa nyumba yetu, na Baba alisema mvulana kwanza. Nilikukunjia nguo zako mwenyewe. Sijawahi kukuonea wivu, Mungu shahidi, kwa sababu nilijiambia: huyu anakwenda kwa ajili yetu wawili. Basi unaponificha, unanifungia mlango wa nyumba ambayo nami nilichangia kuijenga.

Haya. Nimesema, nimepumua.

Sasa nawe sikia siri yangu. Yale maswali ya klachi hayakuishia mlangoni. Mzee Sowedi alisema ni upuuzi mtu kujua majina yote ya gari bila kuligusa. Tangu Oktoba ananifundisha, kila Jumamosi, uwanja wa ndege, na mimi nikiwa na nakala ya karatasi zako magotini. Nasoma neno, nafanya neno. Tarehe ishirini Januari afande wa usalama barabarani alinipandisha mlima wa Nyangoye, akanisimamisha katikati ya mwinuko nyuma ya lori la ndizi, akaniambia niondoke bila kurudi nyuma hata inchi moja. Sikurudi. Akanirudisha kinyumenyume mpaka kwenye daraja. Leseni ninayo. Picha hii alipiga Agripina. Ni mimi kwenye usukani, si kivuli, na kofia ni ya Mzee Sowedi.

Sikukwambia kwa sababu nilitaka kukushangaza siku kitabu kitakapotoka. Kwa hiyo nami nilikuficha, lakini changu kilikuwa zawadi.

Nenda kafanye mtihani wako wa nne. Kabla ya kila kona taja kwa sauti unachotaka kufanya, kama nifanyavyo mimi. Mzee Sowedi anasema mdomo ukitangulia, mkono unaona haya kwenda kwingine. Na ukifaulu au ukifeli, niandikie kweli.

Dafrosa


Hagsätra
8 Machi 1970

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili niliona aibu, na sasa ninaona aibu tu. Nisamehe. Niliandika “nafundisha” na ilikuwa kweli, kisha nikaiacha ile kweli ibebe uongo mgongoni. Kila barua yenu ya kunisifu ilinifanya nishindwe zaidi kusema.

Kuhusu darasa la nne, nilijua kwamba ulikuwa wa kwanza. Miaka yote hii nimejifanya nimesahau.

Ulitaka kweli. Hii hapa. Ijumaa nimefanya mtihani wa nne. Nilitaja kila kitu kwa sauti, kwa Kiswahili: natazama kioo, natoa ishara, napinda kushoto naingia mkono wa kulia. Mtahini alidhani nasali. Mkono wangu wa kushoto ulitulia pajani kama mtoto aliyekaripiwa. Dakika arobaini, Dada, theluji barabarani, sikukosa hata mara moja. Tuliporudi karibu na shule alitabasamu, akasema: “Vizuri sana. Tafuta mahali usimame pembeni.”

Nilifurahi mno. Nikaenda pembeni, nikasimama taratibu, tairi zikiwa karibu kabisa na njia ya waendao kwa miguu, nikazima injini. Nilisimama vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kusimama Sundbyberg. Nilikuwa upande wa kushoto. Basi lilikuwa mbele yangu, taa zake usoni kwangu, dereva amenyanyua mikono yote miwili. Mtahini alifunga daftari lake. Nilipoambiwa nipumzike, nilikuwa nimekwenda kusimama kama mtu aliye mbele ya kanisa la Kanyigo.

Hedlund alisikitika kweli. Alisema kitabu kinakwenda kwa mpiga chapa kesho yake na neno lake ni lilelile: jina la mtu mwenye leseni. Bohumil alikuwepo, muungwana yule, akasema hataki jina lake juu ya jasho la mwingine.

Ndipo nikatoa barua yako mfukoni na ile picha. Nikamtafsiria Hedlund yote, Nyangoye na lori la ndizi, mpaka mahali pa darasa la nne. Pale niliikunja barua, nikaifungua, nikaanza upya. Kisha nikamwambia: “Ulisema mtu mwenye leseni. Hukusema mwanamume. Wala hukusema leseni ya nchi gani. Huyu ndiye aliyepiga kila neno, na ndiye peke yake katika familia yetu aliyejifunza kuendesha kwa kitabu hiki.” Bohumil alianza kucheka wa kwanza. Hedlund aliitazama picha muda mrefu, hasa kofia, akauliza mlima ule una mwinuko kiasi gani. Nikamwonyesha kwa kiganja. Akasema yeye mwenyewe asingeondoka bila kurudi nyuma.

Akaniuliza kama nataka jina langu liwe chini kwa herufi ndogo. Nilifikiri, Dada. Nilitamani sana, sitakuficha tena kitu. Nikasema hapana. Mimi nimeshapewa nafasi yangu mara moja, na nafasi ilikuwa moja.

Usinikatalie. Karatasi zimeshakwenda.

Mdogo wako anayejivunia wewe,
Method


Bukoba
24 Mei 1970

Method, mdogo wangu,

Vitabu kumi vimefika, salama, havijalowa. Nilifungua furushi ofisini nikijua kilichomo, na bado nilivuta kiti nikakaa. Jalada la bluu. *Dafrosa Kokushubira*, kwa herufi kubwa, na chini yake *Bukoba, Tanzania*. Agripina alipiga kigelegele mpaka meneja akatoka nje akidhani nyoka kaingia. Mzee Sowedi hasomi herufi za kizungu, lakini alikishika, akakinusa, akaniomba nimwonyeshe neno la klachi liko wapi, akasema hilo ni lake.

Siku mbili za kwanza nilikuwa na hasira nawe. Nilijiambia, huyu mtoto amenipa kitu kikubwa bila kuniuliza kama nina mahali pa kukiweka. Maneno ni yako, baridi uliyosimama nayo ni yako. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kukukatalia.

Kisha nikaenda Kanyigo kumwambia Baba kweli yote. Nilimwambia kwamba unaosha magari, kwamba umefeli mara nne, na kwamba jina lililo juu ya kitabu si lako. Nilimsomea barua yako ya Machi neno kwa neno. Sikuruka darasa la nne.

Baba alisimama. Alikichukua kitabu akaingia nacho ndani, nikajua nimemvunja. Nilirudi mjini nikilia njia nzima, nikiendesha.

Jumapili alisimama tena baada ya misa, pale pale alipowatangazia habari zako. Alikuwa amevaa koti lake la Pasaka. Alikiinua kitabu kwa mikono miwili, akayasoma mwenyewe majina yangu yote mawili, polepole, jinsi anavyosoma majina ya watoto wanaobatizwa. Akasema: “Mliambiwa Method anawafundisha Wazungu kuendesha magari. Haendeshi. Anayaosha, na maneno yote ya humu ni yake, ameyatoa kichwani mwake akampa dada yake. Na huyu mwenye jina ndiye niliyemwacha nyumbani. Alikuwa wa kwanza. Nilikosea mimi.” Akakaa. Halafu akasimama tena, kwa sababu unamjua Baba, akasema kwamba hata hivyo hakuna katekista mwingine mkoa mzima mwenye watoto kama hawa wawili, na anayebisha ajitokeze.

Nililia mbele ya watu wote, Method, na sikuficha uso. Miaka kumi na mitano nilikuwa nimejiambia kwamba jambo lile haliniumi.

Barua ya kukukatalia nimeichana. Jina langu nalikubali, libaki pale lilipo. Kitabu kimoja Baba amekiweka juu ya kabati na hataki mtu akiguse bila kunawa. Picha ya ukutani ametundika yangu, ya kofia, lakini chini yake ameacha misumari miwili mitupu, anasema ni ya kwako, ukiwa na ndoo.

Mtihani wa tano ufanye au uache, ni juu yako. Likizo njoo nyumbani. Nijulishe siku meli yako ya kutoka Mwanza itakapofika, nitakuja bandarini na Land Rover ya Chama, meneja ameshanipa ruhusa. Baba atakaa nyuma. Wewe utakaa kiti cha abiria, mikono yote miwili magotini, na mlimani Nyangoye utanyamaza kimya utazame dada yako anavyofanya.

Dafrosa